Kutoka Ubaoni Hadi Barazani: Njia ya Mwalimu Mgombea Mkoani Mara

Mwalimu anayetaka udiwani hukutana na suala la ajira kabla hajakutana na wapiga kura. Shule ya msingi ya serikali iko chini ya halmashauri, na halmashauri inasimamiwa na madiwani. Mwalimu aliye kazini akikalia kiti hicho atakuwa anasimamia ofisi ileile inayomlipa mshahara. Ndiyo maana katika Manispaa ya Musoma, Mji wa Bunda au Halmashauri ya Wilaya ya Butiama, mgombea anayeitwa "mwalimu" jukwaani aghalabu ni mstaafu, au ni mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake.

Mpaka huu kati ya chaki na kura ni wa zamani, na aliyeuvuka kwa namna iliyoacha alama kubwa kuliko wote alitoka Butiama. Julius Nyerere alianza shule Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934, akasomea ualimu Makerere, akafundisha St. Mary's Tabora tangu 1946 hadi 1949. Aliporudi kutoka masomoni Edinburgh alipata kazi Pugu, katika shule ya St. Francis. Aprili 1953 alichaguliwa rais wa TAA (Tanganyika African Association), na mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikawakataza watumishi wake kujiunga na chama hicho. Kwa mwalimu wa shule ya serikali, katazo hilo lilifunga mlango kabisa. Nyerere alibaki na upenyo kwa sababu Pugu ilikuwa shule ya misheni, mwajiri wake akiwa kanisa. Upenyo huo haukudumu. Aliporudi kutoka New York, alikohutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa Machi 1955, ilimbidi achague kazi moja. Akajiuzulu ualimu.

Kilichofuata husahaulika katika simulizi nyingi, nacho kina uzito wake. Mtu huyo hakuwa na mshahara, naye alikuwa na mke na watoto. Alirudi nyumbani, na kwa miezi kadhaa ya 1955 akamfundisha Kizanaki padre wa shirika la Maryknoll huko Musoma, akisaidia pia kazi ya tafsiri. Mwalimu aliyeacha shule aliishi kwa kufundisha. Hata sasa, anayeacha kazi kabla ya wakati ili agombee hulazimika kwanza kujua atakula nini kati ya siku ya kujiuzulu na siku ya kupiga kura, na swali hilo huwazuia wengi wenye uwezo kuliko upungufu wa wafuasi.

Uchaguzi wenyewe, wa Baraza la Kutunga Sheria, ulikuja Septemba 1958, na kanuni zake zilikuwa za kibaguzi. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au mojawapo ya kazi zilizotajwa. Kila karatasi ilibeba kura tatu za lazima: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. TANU, chama kilichotokana na TAA, ilikutana Tabora Januari 1958, na wengi walitaka kususia. Nyerere aliwashawishi waingie. Hoja ilikuwa ya kihesabu zaidi kuliko ya hisia. Ikiwa kila mtu ni lazima achague watu watatu, basi wapiga kura wa TANU ndio watakaoamua pia ni Mzungu yupi na Mwasia yupi ataingia barazani. Kigezo cha elimu nacho, kilichowekwa ili kuwapunguza Waafrika, kiliwapitisha walimu na makarani, yaani watu waliokuwa karibu zaidi na chama. Jimbo la Kaskazini lilimpeleka mwalimu mwingine, Solomon Eliufoo, pamoja na Derek Bryceson na Sophia Mustafa. Nyerere alisimama Jimbo la Mashariki, mbali na kwao, akamshinda Patrick Kunambi kwa kura 2,628 dhidi ya 802.

Baada ya uhuru mpaka ukalegezwa. Watumishi wa serikali waliruhusiwa kujiunga na TANU mwaka 1964, lakini mwaka 1972 mpango wa Madaraka Mikoani ukazifuta halmashauri za wilaya. Kwa hiyo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma Novemba 1974 na kupitisha Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977, wilayani hapakuwa na baraza la madiwani la kulitekeleza. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha, ili madarasa yasikose mtu. Halmashauri zilirudishwa kwa Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1975 alifikisha umri wa lazima wa kustaafu, miaka 60, mwaka 2017. Kizazi hicho ndicho kilichojaa wastaafu wanaoombwa na majirani zao wagombee.

Mstaafu wa namna hiyo ana milango miwili, na ni kosa kuichanganya. Wa kwanza ni kamati ya shule ya msingi, au bodi kwa sekondari. Huku hakuna chama wala kampeni. Wajumbe wa wazazi katika kamati hupatikana kwenye mkutano wao, mara nyingi chini ya mti wa shuleni, na mwalimu mkuu ndiye katibu. Kinachojadiliwa ni matundu ya choo, madawati, uji wa watoto na matumizi ya ruzuku inayoingia katika akaunti ya shule. Mwalimu mzoefu hung'amua upesi hesabu isiyolingana, ila anapaswa kujizuia asimfundishe kazi mwalimu mkuu aliyepo.

Mlango wa pili ni udiwani, na huo una masharti. Mgombea awe raia, ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi wa eneo la halmashauri na apendekezwe na chama, kwa kuwa mgombea binafsi haruhusiwi. Kwa hiyo shindano la kwanza ni kura za maoni ndani ya chama, na heshima ya "nilikufundisha darasa la nne" haitoshi mbele ya wajumbe. Kisha huja fomu ya uteuzi. Wagombea wameenguliwa kwa kasoro za kujaza, na hapa aliyesahihisha madaftari kwa miaka 30 ana faida ya kweli: husoma swali lote kabla ya kugusa kalamu.

Akishinda, diwani huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata akiwa katibu, na huweza kupangwa katika kamati ya kudumu inayoshughulikia elimu. Hawezi kuajiri mwalimu wala kubadili mtaala. Mambo hayo huamuliwa na serikali kuu. Anachoweza ni kupigania sehemu ya mapato ya ndani iende kumalizia boma la darasa ambalo wananchi wamelifikisha kwenye lenta, kisha kudai taarifa ya matumizi katika kikao cha robo mwaka kinachofuata.