Bangili ya Mutoto: Umbo ni la Bankambo, Madini ni ya Nani?

Wale wanaoandika juu ya mila yetu ya Katanga, ile Katanga kubwa iliyogawanywa kuwa majimbo mane mwaka 2015, wanapenda sana kusema juu ya shaba. Na sisi tunapenda kusoma. Tunaambiwa jina la bangili katika Kiluba ao Kisanga, nani alikuwa na ruhusa ya kuivaa, siku gani ilitolewa, na kama ni ya mukono ao ya muguu. Mambo hayo ni mazuri, na yangepotea kama watu hawakuyaandika. Lakini maandishi yetu yanaruka ulizo moja ambalo mufuaji wa zamani hakuliruka hata siku moja: kitu hiki kimetengenezwa na nini?

Uhakiki huu ni juu ya ulizo hilo. Ninalileta kwa ajili ya watoto. Mutu mukubwa anavaa bangili, jioni anaitoa, anaiweka pembeni. Mutoto wa mwaka moja anailamba, anaiuma na meno yake mapya, analala nayo. Kama madini ni mabaya, yeye ndiye wa kwanza kuyakula.

Tuanze na yale tunayojua kweli. Huko Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, wachimbuzi wa vitu vya kale walifungua makaburi mwaka 1957 na 1958, na kazi iliendelea miaka ya 1970. Makaburi mengine yana karibu miaka 1000. Walikuta bangili, mikufu na minyororo ya shaba, na katika makaburi ya nyuma, vile visalaba vya shaba vilivyokuwa feza ya wakati ule. Hata makaburi ya watoto yalikuwa na vitu. Basi, kumupamba mutoto na shaba si jambo la jana.

Shaba hiyo ilitoka wapi? Watu walichimba lile jiwe la kijani, malakiti. Waliliyeyusha na makala katika tanuru ya udongo wa kichuguu, wakipuliza na mivukuto. Kazi hiyo ilifanywa wakati wa kiangazi, mu kambi karibu na mugodi, mbali na nyumba za watu. Kisha katika karne ya 19 M'siri na watu wake walikuja kutoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, wakakaa Bunkeya. Hao ndio Bayeke, waliojulikana sana kwa kuvuta shaba mpaka inakuwa waya nyembamba. Waya hiyo waliizungusha juu ya nywele za mukia wa nyama ao nyuzi za miti, na bangili ilikuwa tayari. Kuunganisha kwa moto, hapana. Kupaka rangi, hapana.

Angalieni vizuri kazi ile. Mufuaji alijua kilima kilikotoka jiwe. Alijua moto ulivyokuwa, na nani alivuta waya. Yule aliyenunua bangili alimujua mufuaji kwa jina na kwa ukoo. Sisemi kwamba shaba yao ilikuwa safi kupita ya leo. Hakukuwa na mashine ya kuipima. Ninasema kwamba ilikuwa na historia, na historia hiyo iliweza kuulizwa.

Sasa tuje mu lupango za leo. Fundi anayetengeneza bangili, kengele ndogo za muguu ao kidani cha mutoto hachimbi malakiti tena. Anatumia kile muji unachotupa: waya za umeme, robine zilizoharibika, kufuli, radiateri za gari, masufuria yaliyopasuka, batri zilizokufa. Wengine wananunua ku soko vidani vilivyotoka mbali, vyenye rangi ya dhahabu, wanavifunga tu kwenye kamba na shanga zetu, na mama anaambiwa ni kitu cha asili.

Katika vitu hivyo vyote, adui mukubwa ni risasi, ile tunayoiita plomb katika Kifaransa. Na inaingia kwa njia nyepesi. Shaba inaanza kuyeyuka kwa digri 1085; inataka tanuru na mivukuto. Risasi inayeyuka kwa digri 327. Mbabula ya kupikia bukari inatosha. Batri moja ya gari iko na kilo nyingi za risasi. Fundi anayetafuta kitu chenye uzito, chenye kukubali umbo haraka na kisichomaliza makala, risasi inamuita yenyewe. Tena, risasi iko ndani ya vitu ambavyo hatuvifikirii. Shaba ya manjano ya robine na kufuli mara nyingi imechanganywa na risasi kidogo, asilimia 2 ao 3, ili ikatike vizuri mu mashine. Radiateri za zamani ziliunganishwa na mchanganyiko wa risasi na bati. Ukiviyeyusha vyote pamoja, unapata chuma kizuri cha kungaa, na hakuna jicho linaloweza kuona kilicho ndani.

Risasi inafanya nini? Haichomi, haiwashi, haina harufu. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba hakuna kipimo cha risasi katika damu ambacho kinajulikana kuwa salama. Mwili wa mutoto mudogo unachukua risasi mara 4 ao 5 kupita mwili wa mukubwa. Inakaa katika mifupa, inapunguza damu, inaharibu ubongo unaokua. Mutoto anakuwa muzito wa kujifunza, anakasirika ovyo, na masomo yanamushinda. Nyumbani wanasema ni mupumbavu, ao wanatafuta nani alimuloga. Mwaka 2006, huko Minneapolis ku Marekani, mutoto wa miaka 4 alimeza kidani kidogo cha bangili kilichotolewa bure pamoja na viatu. Alikufa. Walipokipima, kidani kilikuwa karibu chote risasi, asilimia 99. Mwaka 2010, inchi hiyohiyo ilikuta kadimiamu, sumu nyingine inayoharibu figo, katika mapambo ya watoto yaliyotoka inje. Ulaya nayo ilifunga mulango: tangu 2013 pambo haliruhusiwi kuwa na risasi kupita asilimia 0,05, maana yake nusu gramu katika kilo moja.

Wengine watasema: «Hayo ni mambo ya Wazungu, wao wanaogopa kila kitu.» Basi tuache Marekani. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar ku Senegali, akina mama walikuwa wakipepeta udongo wenye risasi ya batri ili wauze. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watoto 18 walikufa. Ku Kameruni, wachunguzi walipima masufuria ya aluminiamu yaliyotengenezwa na mafundi kutoka vyuma vya kutupwa. Mwaka 2014 walitangaza kwamba risasi ilitoka katika masufuria hayo na kuingia mu chakula. Na hapa jirani, yule anayepita Kasumbalesa kwenda Lusaka anapita Kabwe. Mugodi wa risasi wa Kabwe ulifungwa 1994, lakini mpaka leo watoto wa pale wanapatikana na risasi nyingi katika damu, juu ya udongo wanaouchezea. Hao si Wazungu.

Kuna jibu lingine, nalo ninalisikia zaidi kati ya sisi wapenda mila: «Bankambo walivaa, na hawakukufa.» Ninaheshimu neno hilo, lakini halisimami. Kwanza, bankambo hawakuvaa batri. Hatuwezi kuchukua ushuhuda wa shaba ya Bunkeya tukaupa chuma cha garaji. Pili, watoto wengi wa wakati ule walikufa wadogo, na hakuna aliyeandika sababu. Aliyekufa hawezi kuja kutushuhudia.

La tatu ni la umasikini: «Watu wanatafuta chakula, wewe unasema juu ya bangili?» Ndiyo, na ni kwa sababu hiyo hasa. Mutoto asiyekula vizuri, aliyepungukiwa na chuma na kalisi katika chakula, mwili wake unavuta risasi zaidi. Halafu watoto wetu wanabeba tayari muzigo mwingine. Mwaka 2009, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven ku Ubelgiji walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi sana katika mukojo, na risasi na kadimiamu vilevile. Mwaka 2018 walirudi na habari ya Kasulo, mutaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao: watoto walikuwa na kobalti kupita wakubwa. Mutoto wa namna hiyo, tumuongezee tena risasi ku mukono kwa jina la mila?

Lazima niwe wa haki kwa mafundi. Bangili ya shaba nyekundu inapoacha alama ya kijani ku ngozi, wazazi wanaogopa na kusema ni sumu. Kijani hicho kinatokana na jasho kukutana na shaba, ukinawa kinatoka. Mwili wenyewe unahitaji shaba kidogo. Sisemi mutoto anyonye shaba kuchwa kutwa, lakini kati ya vyuma vyote vya ku soko, shaba nyekundu yenye asili inayojulikana si ya kuogopwa sana. Nikeli ya vidani vya bei ya chini inaweza kuwasha ngozi na kutoa vipele, zaidi ku masikio yaliyotobolewa. Risasi, yenyewe, haitoi alama yoyote. Kwa hiyo tunaogopa ile inayoonekana, na kuiacha ile inayoua kimya.

Na fundi mwenyewe ni wa kwanza kuumia. Anayeyusha batri mu lupango, watoto wake wanacheza pale, mama anaanika muhogo pembeni. Moshi unaanguka juu ya vyote. Wazee walipeleka tanuru mbali na kijiji. Sisi tumeileta mulangoni, kisha tunasema tunafuata mila.

Sasa ninakuja kwetu, sisi wa mashirika ya utamaduni. Tunapofanya maonyesho, tunaandika kwenye karatasi ndogo: «Bangili ya mutoto, asili.» Neno «asili» limekuwa kama kifuniko cha sufuria, hakuna anayefunua. Sisi wenyewe tunawafundisha wanunuzi kwamba umbo likiwa la zamani, kitu ni kizuri. Tungemuona muuza dawa akiandika «dawa» bila jina la dawa, tungemufukuza. Mufuaji wa zamani hakuheshimiwa juu ya umbo peke yake. Aliheshimiwa juu ya kujua madini. Tumechukua umbo, ujuzi tumeuacha njiani.

Tufanye nini? Jibu moja liko katika mila yenyewe. Bangili ya waya iliyozungushwa haihitaji kuyeyushwa wala kuunganishwa na risasi. Waya ya umeme ni karibu shaba tupu. Fundi anayenunua mabaki kwa mwenye kuweka umeme (hapana ile iliyokatwa usiku ku nguzo), anayemenya plastiki na kisu pasipo kuichoma, kisha anazungusha waya na kukunja ncha ndani, anafanya kazi karibu sana na ile ya Bayeke, na salama kupita bangili yoyote ya kuyeyushwa.

Muzazi naye aulize maulizo matatu: Chuma hiki kilikuwa nini mbele? Kimeunganishwa na nini? Chini ya rangi kuna nini? Fundi muzuri atajibu bila kukasirika. Kitu kidogo lakini kizito kupita kiasi, laini, kinachokwaruzika na ukucha na kuacha alama ya kijivu ku karatasi, kirudishwe mezani. Na mutoto ambaye bado anaweka kila kitu mu kinywa, tumufungie uzi wa pamba siku ya sherehe, tena mukubwa akiwa karibu. Ya shaba ikae kwa nkambo wake mpaka akomae.

Kuhusu kupima, tusiseme haiwezekani. Mu madepo ya Kolwezi, wanunuzi wanapima kobalti na mashine ndogo ya mukono ambayo wachimbaji wanaiita metorex. Mashine za namna hiyo, zikitayarishwa kwa kazi hiyo, zinaweza kuonyesha risasi pia, kwa dakika chache, mradi rangi ya juu ikwaruzwe kwanza. Mashine iliyopo kwa kuhesabu faida ya muchuuzi haiwezi kukosa saa moja kwa bangili za watoto wetu. Shirika likiomba, ao kitivo kimoja cha chuo kikuu kikikubali, tunaweza kupima vitu vyote vya meza moja ya maonyesho mu asubuhi moja.

Na kwa kuanza, kabla ya mashine yoyote, karatasi zetu zibadilike. Tuandike jina la fundi, jina la chuma, na kilikotoka. Bangili ambayo hatuwezi kuiandikia mistari hiyo mitatu, tuionyeshe kama tunataka, lakini tusiiuze kwa mama mwenye mutoto mugongoni.