Asili na Uhamaji wa Jamii za Kale katika Kazi za Tolkien: Suala la Haki ya Ardhi

Katika fasihi ya kifantasia, masimulizi ya asili na uhamaji wa jamii za kale aghalabu huchukuliwa kuwa usuli tu wa matukio. Kazi za J. R. R. Tolkien zinaonyesha vinginevyo. Ndani yake, masimulizi hayo ndiyo yanayoamua ni jamii ipi ihesabiwe kuwa na historia, na ni ipi iwe na haki ya ardhi.

The Silmarillion, iliyochapishwa mwaka 1977 baada ya kifo cha mwandishi, inaeleza kwamba Waelfu waliamka mashariki, kando ya maji ya Cuiviénen, kisha wakaitwa kuhamia magharibi. Walioitika wito wamehifadhiwa kwa nasaba, lugha na nyimbo zao. Waliokataa, yaani Avari, wamepewa jina linalotokana na kukataa kwao, na baadaye wanakaribia kutoweka katika simulizi. Yamkini msomaji atapinga kwamba safari ya magharibi haisawiriwi kuwa wema mtupu, kwani Wanoldor walimwaga damu ya ndugu zao huko Alqualondë, na Númenor ilizama kwa kiburi cha watu wake. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, makosa ya waliosafiri yanasimuliwa kwa kina, ilhali sababu za waliobaki zinagusiwa kwa ufupi mno.

The Lord of the Rings (1954–1955) inalipeleka suala hili kwenye umiliki wa ardhi. Mwaka 2510 wa Enzi ya Tatu, Cirion wa Gondor anampa Eorl nchi ya Calenardhon kwa kumshukuru kwa msaada wake vitani. Kwa watu wa Rohan, huo ndio mwanzo mtukufu wa taifa lao. Kwa watu wa Dunland, ni kumbukumbu ya kunyang'anywa, na Saruman anautumia uchungu huo kuwachochea waingie vitani.

Sauti ya wenyeji inasikika waziwazi zaidi kwa Ghân-buri-Ghân. Anapokubali kuliongoza jeshi la Théoden kupitia njia ya msituni, anataka watu wake waachwe kwa amani, wasiwindwe tena kama wanyama. Kwa ombi hilo moja, msomaji anatambua ukatili ambao simulizi tukufu ya Eorl haiutaji.

Baada ya vita, Aragorn anautangaza msitu wa Drúadan kuwa mali ya watu hao milele. Tendo hilo ni la haki, lakini lina kinaya: mzawa wa wahamiaji waliotoka ng'ambo ya bahari anawazawadia wenyeji ardhi ambayo tayari ilikuwa yao. Hapo ndipo unapodhihirika ukomo wa maono ya Tolkien. Anawasikiliza wenyeji na kuwaonea huruma, lakini mamlaka ya kuthibitisha haki yao anayaacha mikononi mwa waliofika baadaye.