Karatasi Kavu Katika Msitu wa Mvua

Anayeanika kakao Mabalako, eneo la Beni, anajua wingu la mchana linavyoweza kumtia hasara: akichelewa kukunja turubai, mbegu zinashika ukungu. Kukausha ua la msituni liwe kielelezo cha kuhifadhiwa, majani yake yakiwa yamenyooka, kuna taabu zaidi.

Gottfried Mildbraed, mtaalamu wa mimea kutoka Berlin, aliifanya kazi hiyo hapa Beni mwanzoni mwa 1908, Kongo ikiwa bado mali ya Mfalme Leopold wa Pili. Alikuja na msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, Ujerumani. Mwenzake msafarini, Jan Czekanowski, alikuwa akipima watu vichwa. Mimi namsifu huyu aliyekata matawi, ingawa msafara wenyewe siusifu.

Unakata kitawi chenye ua au tunda. Unakilaza kwenye karatasi, jani moja ukiligeuza ili mgongo wake uonekane, unafunika kwa karatasi nyingine, kisha unakaza furushi zima kwa kamba. Karatasi inanyonya maji. Kesho yake unafungua, unaweka kavu, na zile mbichi unazipeleka motoni. Kesho kutwa tena. Msitu wa Semliki haukupi siku ya mapumziko.

Halafu kuna maandishi, na hapo ndipo ninapomvulia fundi kofia. Ua likikauka, rangi hufifia na harufu hupotea. Mti wa meta 40 hubaki kijitawi cha kushikika mkononi. Kwa hiyo yanaandikwa mapema: mahali, siku, kimo cha mti, rangi ya ua. Asiyeandika siku ileile ataandika uongo, hata kama hakukusudia.

Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya mimea mikavu iliyohifadhiwa Berlin. Vilivyonusurika ni pamoja na vitawi pacha vilivyokuwa vimegawiwa miji mingine, na maelezo yaliyokwisha kuchapishwa. Aliyepoteza kielelezo anaweza kurudi msituni kutafuta kingine, mradi mahali paliandikwa sawasawa.

Jina la Mildbraed limebaki kwenye Lobelia mildbraedii ya vinamasi vya milimani na kwenye mti mkubwa, Mildbraediodendron. Wapagazi waliobeba marundo yale ya karatasi, wakiyakinga na mvua ambayo wao wenyewe hawakukingwa nayo, hawakupewa hata jani.