Heko kwa makarani wa ndoa wa Uskoti

Anayesaka nasaba yake Uskoti ana bahati. Tangu Januari 1, 1855, msajili wa huko aliandika kwenye cheti cha ndoa majina ya baba na mama wa pande zote mbili, pamoja na ubini wa mama kabla hajaolewa. Uingereza, jirani tu hapo, mama hakutajwa kwenye cheti hadi 2021! Bwana harusi mchimba makaa, baba yake mfumaji, marehemu: kwa mstari huo tu unajua pa kuanzia kutafuta cheti cha kifo.

Makarani wa parokia waliotangulia, tuseme kweli, hawakulingana. Wapo walioandika tangazo la ndoa na ada yake, basi. Na wapo wachumba walioana bila kasisi, kwa kutamka mbele ya mashahidi kwamba wao ni mume na mke. Sheria iliruhusu hivyo hadi 1940. Wazee wa kanisa wakawaita, wakawakemea, wakawatoza faini, na karani akanukuu yote. Mara nyingine ukurasa huo wa faini ndio ushahidi pekee wa ndoa waliobaki nao wajukuu.