Maktaba na Wenyewe

Habari za maktaba za vyuo vyetu nazisoma zote zinazonifikia, na mtu akisoma tatu amesoma mia. Mgeni rasmi amewasili, utepe umekatwa, makasha kadhaa ya vitabu yamepokelewa kutoka ng'ambo, mkuu wa chuo ametoa shukrani za dhati, picha ya pamoja imepigwa. Basi. Vitabu hivyo ni vya nini, vimeandikwa kwa lugha gani, nani aliulizwa kabla havijapakiwa melini, na miezi sita baadaye nani alivikopa, mambo hayo hayamo. Mwandishi wa habari amehesabu makasha, hakuhesabu wasomaji.

Sisemi haya kwa husuda. Nimekaa katika ualimu tangu ujana wangu hadi kustaafu, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa katika kufundisha walimu. Najua njaa ya vitabu ilivyo. Nimewahi kuona wanachuo sitini wakigawana nakala tatu za kitabu cha saikolojia, wakikisoma kwa zamu kama wagonjwa wanaosubiri dawa. Kwa hiyo mtu akileta kasha, nami hupiga makofi. Lakini makofi si uhakiki, na habari hizi, ndugu msomaji, zinahitaji kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia, kwa maana nazo zina mhusika mkuu, nazo zina watu walioachwa nje ya hadithi.

Tuchukue mfano mkubwa tunaoujua sote. Mwezi Novemba mwaka 2018 Rais John Magufuli alifungua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa Serikali ya China. Ni jengo la fahari, na nchi ilikuwa na haki ya kulifurahia. Namba iliyoshika vichwa vya watu ilikuwa ile ya nafasi ya vitabu 800,000. Nafasi! Mimi ningependa pia kusikia juu ya vile vilivyokuwapo tayari kabla ya jengo: mkusanyo wa Afrika Mashariki, wenye karatasi za akina Hans Cory na Henry Fosbrooke, na ile sheria ya mwaka 1962 iliyowataka wachapishaji wa nchi hii wapeleke nakala za vitabu vyao ziwekwe akiba chuoni hapo. Hiyo ndiyo habari yenyewe ya maktaba. Rafu tupu haina habari.

Nilianza kuyafikiri haya kwa makini niliposoma historia ya maktaba za vyuo vya watu weusi wa Marekani, vile vilivyoanzishwa wakati vijana wao walipokuwa wakifungiwa milango ya vyuo vingine. Vyuo hivyo si vigeni kwetu kama tunavyodhani. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipozunguka Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwamo, miongoni mwa wajumbe alikuwamo James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast aliyesoma na kufundisha katika chuo cha Livingstone, North Carolina. Tume ile ilisifu sana elimu ya mikono ya Hampton na Tuskegee, na mengi katika shule zetu za enzi za Mwingereza, bustani, seremala na majembe, yalikwenda na fikra hizo. Sina ugomvi na jembe; limenilea. Ila walituonyesha nusu ya Tuskegee. Booker T. Washington alipopata dola 20,000 kutoka kwa tajiri Andrew Carnegie ili ajenge maktaba, wanafunzi wenyewe ndio waliofyatua matofali na kujenga, na mwaka 1901 jengo likawa tayari. Mikono ile ile iliyosifiwa kwa jembe ilikuwa imejijengea nyumba ya vitabu. Na mwaka 1925, mwaka mmoja tu baada ya Tume kupita kwetu, Hampton ikafungua shule ya kufundisha wakutubi, ikaiendesha hadi 1939. Kwetu likafika jembe, maktaba ikabaki ng'ambo.

Mtu anayenivutia zaidi katika historia hiyo ni mwanamke, Dorothy Porter, aliyeanza kusimamia mkusanyo wa vitabu vya watu weusi katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1930, akaushughulikia hadi 1973. Msingi wake ulikuwa zawadi ya Jesse Moorland, mchungaji na mhitimu wa hapo, aliyekitolea chuo maktaba yake binafsi mwaka 1914: vitabu, picha na hati zaidi ya 3,000. Tazama hapo jinsi zawadi hiyo ilivyo tofauti na makasha yetu. Huyu hakutoa alivyovichoka. Alitoa alivyovikusanya maisha yake yote, na alivitoa nyumbani kwao. Bibi Porter naye fedha hakuwa nazo. Alichofanya ni kuomba. Aliwaandikia wachapishaji, alizifuata familia, akaingia katika madari na vyumba vya chini vya nyumba za watu kuokoa karatasi zisitupwe.

Kisha akakuta kazi nyingine. Maktaba alizozitaka ushauri zilikuwa zikitumia utaratibu wa Dewey, ule unaotumika hata kwetu, na kitabu cha mtu mweusi kilikuwa na mahali pawili tu pa kwenda: namba 325, ya ukoloni na uhamiaji, au 326, ya utumwa. Mashairi nayo huko huko. Bibi Porter akakataa. Akapanga vitabu hivyo kwa fani zake na kwa waandishi wake, ushairi ukakaa na ushairi, historia na historia.

Nenda leo maktaba yoyote ya hapa Moshi inayofuata Dewey, utazame. Kiingereza kina namba 420 yake, mia nne na ishirini kamili. Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu, unakitafuta kwenye 496.392, yaani nyuma ya nukta, kwenye chumba cha lugha zote za Afrika. Dini za mababu zetu ziko 299.6, mwisho kabisa, baada ya kila mtu kuketi. Mkutubi kijana niliyemwuliza alinijibu kwa adabu, "Shikamoo mzee, ndivyo tulivyofundishwa." Marahaba. Simlaumu, utaratibu una faida ya kueleweka dunia nzima. Lakini mwalimu yeyote anajua kwamba mtoto hujifunza hata kutokana na mahali alipoketishwa darasani.

Sasa tuje mlimani kwetu. Watu wa Kilimanjaro hupenda kujisifu kwa elimu, na sifa hiyo ina msingi. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaja KNCU. Kahawa ikajenga madarasa, ikalipa karo, ikapeleka vijana masomoni. Chuo cha Ushirika kikaanzishwa Moshi mwaka 1963, na tangu 2014 ni chuo kikuu kamili. Pembeni yake tunavyo vyuo vikuu vya makanisa, na hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa 1971, nayo imezaa chuo kikuu cha tiba. Kwa mlima mmoja, si haba.

Ila niulize: mtoto wa Mamba au Kibosho akitaka kusoma habari za babu zake, atazisomea wapi? Mchungaji Bruno Gutmann aliandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga mwaka 1926, kwa Kijerumani. Nyaraka za Misioni ya Leipzig zimehifadhiwa Halle, Ujerumani. Charles Dundas aliandika mwaka 1924, Kathleen Stahl mwaka 1964, wote kwa Kiingereza. Nyuma ya baadhi ya wageni hawa alisimama mwalimu mwenzangu, Nathaniel Mtui, aliyejaza daftari za historia ya mlima huu mapema katika karne ya 20, na wageni wakazichota. Waandishi wao twawajua. Mtui ni wangapi wamemsikia? Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu alituandikia kwa Kiswahili "Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera", na heri yake. Tulikuwa pia na magazeti yetu: Uremi la miaka ya 1930, na Komkya la miaka ya 1950, lililotolewa na Baraza la Wachagga, ambalo jina lake lina maana ya kumekucha. Humo watu walibishana juu ya vihamba, mahari, kodi, na nani awe mangi. Ni mabishano matamu kuliko mengi ya siku hizi, na nina hakika nakala nyingine bado zimelala chini ya godoro la mzee fulani, zikingoja mchwa.

Hapa ndipo penye jambo linaloniuma. Mwalimu mstaafu akifa, au karani wa zamani wa chama cha msingi cha kahawa, tunakaa matanga kwa heshima zote. Mbege ipo, kwaya ipo, wasifu wa marehemu unasomwa. Wiki moja baadaye wanarudi watoto waliotoka Dar es Salaam na Arusha, wanafagia chumba chake. Nguo zinagawanywa. Redio inapata mwenyewe. Karatasi zinapelekwa nyuma ya nyumba, kwenye moto. Nimeona kwa macho yangu daftari la mahesabu ya kahawa, limeandikwa kwa kalamu ya wino kwa mwandiko ambao siku hizi haupo, majina ya wakulima wa kitongoji kizima na ratili walizoleta msimu kwa msimu, likitumiwa kuwashia jiko. Mama wa nyumba ile hakuwa mjinga. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kuna anayelitaka.

Nimewahi kulitoa wazo hili katika kikao cha chuo kimoja, ambacho sitakitaja. Nikaambiwa hakuna bajeti, hakuna nafasi, mkusanyo wa namna hiyo unahitaji mtaalamu. Wakati huo huo chumba kizima cha maktaba hiyo kilikuwa kimejaa vitabu vya msaada, vingine vya sheria za kodi za jimbo moja la Marekani, vingine mwongozo wa programu za kompyuta ambazo hazipo tena duniani, na hakuna aliyethubutu kuviondoa asije akamuudhi mfadhili. Basi nafasi ilikuwapo, ila ilikuwa imekaliwa.

Nisije nikaonekana nawapamba Wamarekani weusi kana kwamba kwao hakuna shida. Chuo Kikuu cha Fisk, chenye historia ya heshima kubwa, kilizidiwa na uhaba wa fedha hata kikauza nusu ya umiliki wa mkusanyo wake wa picha za sanaa kwa jumba la makumbusho la Arkansas, kwa dola milioni 30. Jambo hilo likaisha mwaka 2012 baada ya miaka ya kesi. Hazina haijazi mfuko wa karo. Hata hivyo tazama kilichotokea Atlanta mwaka 2006. Karatasi za Martin Luther King, hati kama 10,000 hivi, zilikuwa zimekwisha pelekwa mnadani New York. Meya Shirley Franklin akakusanya wakubwa wa mji, wakaahidi, wakachanga, wakakopa, hadi zikapatikana dola milioni 32, na karatasi zikarudi nyumbani chini ya Chuo cha Morehouse, zikahifadhiwa katika maktaba ambayo vyuo kadhaa vya watu weusi vya mji huo huitumia kwa pamoja tangu 1982. Angalia na hilo: maktaba moja, vyuo kadhaa. Hapa Moshi kila chuo kina mlango wake na mlinzi wake na kitambulisho chake.

Msomaji ataniambia, sisi dola milioni 32 tutazitoa wapi? Hakuna anayezitaka. Kila Desemba mlima huu hujaa magari hata barabara ya Marangu haipitiki. Kamati za harusi na za sendofu huchangisha kiasi ambacho mimi, kwa pensheni yangu, nakitaja kwa kunong'ona. Watu hawa ndio waliojenga shule za kata kwa msaragambo, jiwe kwa jiwe. Uwezo upo na mazoea yapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaomba, tena awaombe kitu wanachokiona kuwa chao. Maktaba zetu zimezoea kumwomba mgeni, na mgeni hutoa alicho nacho, yaani vitabu vyake.

Ndiyo sababu narudi kwenye zile kurasa za habari, maana gharama yake ni karatasi na wino tu, na siku hizi hata hivyo si lazima. Laiti mhariri mmoja angeacha picha ya mgeni rasmi mara moja tu, na mahali pake akachapa tangazo la namna hii, ambalo namwandikia bure:

Zinatafutwa nakala za Uremi na Komkya, hata zilizochanika. Pia daftari za vyama vya msingi vya kahawa, daftari za kisomo cha watu wazima za miaka ya 1970, barua za vijana waliokuwa masomoni mbali, picha za shule zenye majina nyuma. Usichome kabla hujatuonyesha. Atakayeleta atapewa stakabadhi yenye jina lake, na asiyetaka kuacha chake atangoja kipigwe picha, arudi nacho nyumbani. Wazee wasioweza kutelemka mjini watufahamishe kwa mtoto yeyote wa shule, tutapanda. Maktaba itakuwa wazi hata siku za katikati ya Krismasi na Mwaka Mpya, wakati mko nyumbani.