Kioo Cheusi Baada ya Apdeti: Kadi Haikuwa na Kosa

Mafundi wengi wakiletewa kompyuta ya Linux iliyogoma kuonyesha picha, cha kwanza huchomoa kadi ya grafiki, cha pili husakinisha mfumo upya. Yote mawili ni kupiga ramli. Pengine mashine itawaka, lakini sababu itabaki palepale ikisubiri apdeti inayofuata.

Mwanzoni mwa 2024 kulitokea kisa kinachofaa kuchambuliwa polepole. Watumiaji wa Ubuntu 22.04 walianza kupokea kerneli 6.5 badala ya 6.2, kwa njia ya kawaida ya masasisho. Kwa baadhi ya wenye kadi za NVIDIA mambo yakaharibika. Mtu amezima kompyuta usiku ikiwa nzima. Asubuhi anaiwasha, nembo ya madabodi inatokea, kisha kioo kinakuwa cheusi. Wengine walipata picha, ila ya 1024 kwa 768, herufi kubwa kama za bango, na monita ya pili haitambuliki kabisa.

Ile nembo ya madabodi ni ushahidi, na watu huupita. Kabla Linux haijapakiwa, kadi ilikuwa tayari inachora. Maana yake umeme unaifikia na waya wa HDMI ni mzima. (Hakikisha tu waya umechomekwa kwenye kadi yenyewe, si kwenye tundu la madabodi, kosa hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.) Kadi inayokufa mara nyingi huchafua picha tangu kwenye ukurasa wa BIOS: mistari ya rangi, vijiraba, herufi zilizokatikakatika. Ukiona uchafu huo mapema hivyo, achana na draiva, hakuna amri ya teminali itakayouondoa.

Katika kisa chetu ukurasa wa BIOS ulikuwa safi. Hatua inayofuata ni kubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ikitokea sehemu ya kuandika jina na nywila, basi kerneli iko hai na kilichokufa ni mazingira ya picha peke yake. Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni menyu ya GRUB. Bonyeza Esc wakati mashine inaanza, au shikilia Shift kwenye mashine zenye BIOS ya zamani, ingia kwenye chaguo za ziada, chagua kerneli ya jana. Waliochagua 6.2 walipata kompyuta yao kama walivyoiacha. Kadi ileile, waya uleule, diski ileile. Kilichobadilika ni kerneli. Hapo kadi imeshaachiwa huru na mtu anaweza kurudi kwenye 6.5 akiwa anajua anatafuta nini.

Amri ya lspci -k huorodhesha vifaa pamoja na draiva inayoviendesha. Chini ya kadi ya NVIDIA, mstari unaotaja draiva inayotumika haukuwepo. Inashangaza kidogo, kwa sababu Linux ina draiva yake huria ya kadi hizo, nouveau, iliyomo ndani ya kerneli tangu 2010. Kwa nini haikushika usukani? Kwa sababu kifurushi cha NVIDIA kikisakinishwa huipiga marufuku nouveau, ili draiva mbili zisigombanie kadi moja. Moduli ya NVIDIA ikikosekana, marufuku hayaondoki. Kadi inabaki haina anayeiongoza, na mfumo unaokoteza picha ya msingi iliyoachwa na UEFI. Ndiyo ile 1024 kwa 768.

Moduli ilikosekana vipi? Draiva ya NVIDIA haimo ndani ya kerneli. Sehemu yake inayogusa kerneli hujengwa upya kwa kila kerneli mpya, kazi inayofanywa na DKMS, nyuma ya pazia, huku mwenye kompyuta akiendelea na mambo yake. Amri ya dkms status ilionyesha nvidia imejengwa kwa 6.2, kwa 6.5 hakuna. Sababu ilikuwa imeshaandikwa, kwenye faili liitwalo make.log ndani ya /var/lib/dkms. Katikati ya mistari mingi isiyo na maana kwa mtu wa kawaida kulikuwa na mmoja wenye neno error: kompaila inasema haiitambui alama -ftrivial-auto-var-init=zero.

Alama hiyo huiamuru kompaila ijaze sifuri kwenye vigeu vya ndani kabla havijatumiwa, ili mabaki ya kumbukumbu yasivuje. Ni hatua ya usalama, na GCC 12 ndiyo ya kwanza kuielewa. Kerneli 6.5 ilikuwa imejengwa kwa GCC 12, lakini kompaila ya kawaida ya Ubuntu 22.04 ni GCC 11. DKMS ilichukua masharti ya kerneli mpya ikayapeleka kwa kompaila ya zamani, nayo ikakataa kazi. Tiba ilikuwa kusakinisha gcc-12, kuuelekeza ujenzi uitumie hiyo, kisha kuendesha dkms autoinstall na kuwasha upya. Hakuna aliyehitaji bisibisi.

Kuna kundi ambalo halikuguswa na kadhia hii: waliotumia moduli za NVIDIA zilizojengwa tayari na Ubuntu yenyewe, vifurushi vinavyoanza na linux-modules-nvidia. Hizo hazipiti DKMS. Tena zimeshatiwa saini, hivyo Secure Boot huzikubali, wakati moduli iliyojengwa nyumbani hukataliwa mpaka mwenye mashine aidhinishe ufunguo wake kwenye ukurasa wa buluu unaotokea mara moja tu baada ya kuwasha. Wengi huuruka ukurasa huo bila kuusoma. Kwa maoni yangu, kupakua faili la .run kutoka tovuti ya NVIDIA na kulimimina juu ya vifurushi vya apt ndiyo njia mbovu kuliko zote kwa kompyuta ya nyumbani. Unaishia na matoleo mawili ya draiva moja, na apt haijui lolote kuhusu la pili.

Neno moja juu ya nomodeset. Ukiiongeza kwenye mstari wa GRUB, kerneli haigusi mipangilio ya kioo, nawe unapata picha ya kufanyia kazi. Ni mkongojo. Wapo wanaoiacha humo miezi na miezi, halafu wanalalamika kwamba video zinakwama na feni inavuma. Endesha glxinfo, ikitaja llvmpipe, jua prosesa ndiyo inayochora kila kitu na kadi imekaa bure.

Kadi yenyewe huwa na hatia pia, ila mwenendo wake ni tofauti. Huwaka vizuri, kisha hukatika katikati ya mchezo au video ndefu. Hapo soma logi ya mwasho uliopita kwa journalctl -k -b -1 na utafute neno Xid. Xid 79 ina maana kerneli imepoteza mawasiliano na kadi ghafla, na washukiwa ni pawa saplai, joto, au kadi isiyokaa sawasawa kwenye nafasi yake. Nafasi ya PCIe hutoa wati 75 tu. Zinazobaki hupita kwenye nyaya za pawa saplai.

Ugumu wa kweli uko kwa wenye kadi za kizazi cha Kepler, kama GT 710 ambayo bado inaonekana kwenye mashine za mtumba. Draiva yao ya mwisho ni ya tawi la 470, ambalo NVIDIA iliacha kulihudumia 2024, na kila kerneli mpya inaweza kuvunja ujenzi wake. Kwa mashine ya namna hiyo ningebaki na Ubuntu 22.04 kwenye kerneli yake ya asili, 5.15, inayohudumiwa hadi 2027, kwa kusakinisha linux-generic na kuondoa vifurushi vya hwe, ambavyo ndivyo huleta kerneli mpya. Baada ya 2027, nouveau kwa kazi za ofisi. Anayetaka zaidi atafute Radeon iliyotumika, ya kizazi kinachoendeshwa na amdgpu: draiva hiyo imo ndani ya kerneli tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015, kwa hiyo hakuna moduli ya kujengwa nyumbani.