Heko Wasomao Umri wa Chuma

Mwingine akiona spea, wao huona tarehe ya kuzaliwa. Mafundi wanaotambua vipuri halisi vya magari ya zamani, wakataja na umri wa kila kimoja, wanastahili pongezi za dhati.

Tazama Volkswagen Beetle. Kioo cha nyuma pekee husema mengi: kilichogawanyika vipande viwili kiliishia 1953, chenye umbo la yai kikadumu hadi 1957, kisha kikaja kipana zaidi. Lakini bodi huweza kubadilishwa, na hapo ndipo ujuzi wao unapong'aa. Huinua kiti cha nyuma wasome namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma. Hutafuta namba ya injini chini ya kishikio cha dainamo. Hupangusa grisi kwenye vipuri vilivyomiminwa kwenye kalibu, wakisaka alama ya mwaka. Kisha hulinganisha yote na vitabu vya vipuri vya kiwanda. Makumbusho ya Volkswagen huko Wolfsburg nayo hutoa cheti kinachoeleza gari lilivyozaliwa.

Kwetu Afrika Mashariki gari hili lina heshima yake: mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda nalo Safari Rally. Historia kama hiyo hailindwi kwa rangi mpya, bali kwa macho yasiyodanganyika.

Nawe ukiokota kipuri chakavu, usikimbilie msasa. Kisafishe taratibu, soma alama zake kwanza. Kutu huondoka, namba ikifutika, hairudi.